Kusoma namba za programu za moduli kabla ya kufunga openpilot: kwa wenye magari ya Japani Mbeya, Iringa na jirani

Maswali ni yale yale. "Nina Harrier ya 2017, openpilot itakubali?" "Fundi wa Mwanjelwa amenibadilishia kioo, kamera yangu ni ile ile?" "Mashine imeandika NO DATA, gari ni bovu?" Yote matatu yanajibiwa mahali pamoja: kwenye namba za programu zilizo ndani ya moduli za gari, zile ambazo mafundi wengi huziita kontroli boksi.

openpilot ni programu huria ya kumsaidia dereva, iliyotolewa na comma.ai mwaka 2016. Kila unapowasha gari, huuliza moduli moja moja inaendesha toleo gani, kisha hulinganisha majibu na orodha yake. Majibu yakilingana, inajua imo ndani ya gari gani na itaongea nalo vipi. Yasipolingana, inabaki kuwa kamera ya kurekodi safari tu. Kadi ya gari haiulizwi, wala aliyekuuzia haulizwi. Ndiyo maana inafaa usome namba hizi mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi kununua kifaa.

Mwongozo huu umejikita kwenye Toyota, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani huku kwetu. Subaru ina kipande chake kifupi mbele.

Kwanza: gari lako lina cha kusomwa?

Angalia juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Kama hakuna boksi la kamera, ishia hapa.

Kama lipo, usishangilie bado. Fielder na Axio zilizopata Toyota Safety Sense (mfumo wa Toyota wa kumsaidia dereva kuepuka ajali) mwaka 2015 zilipewa aina C: kamera pamoja na leza. Aina hiyo hupiga mlio ukitoka kwenye mstari, lakini haishiki usukani. Programu haiwezi kuuliza usukani ugeuke kwa njia ambayo gari halikuwekewa. Aina P hutumia kamera pamoja na rada iliyojificha nyuma ya nembo au show ya mbele. Harrier ya mwili wa 60 ilipata aina P kwenye maboresho ya 2017, kwa hiyo Harrier mbili zinazofanana kwa mbali, moja ya 2016 na nyingine ya 2018, si gari moja kwa kazi hii.

Subaru yenye EyeSight, mfumo wake wa kamera wa kumsaidia dereva, utaitambua kwa kamera mbili, moja kila upande wa kioo cha kati. Haitumii rada ya mbele kufuata gari lililo mbele yako, hivyo usiitafute.

Jambo la mwisho hapa: kuwa na kamera si kuwa kwenye orodha. Orodha ya openpilot imejengwa zaidi na magari yaliyouzwa Marekani. Gari la soko la Japani linaweza kuwa na moduli zile zile na bado namba za programu zikawa tofauti.

Vifaa

- Laptopu yenye Linux (Ubuntu inatosha), yenye kernel (kiini cha Linux) 5.10 au mpya zaidi. Chaji ijae kabisa, maana umeme hauna ahadi.
- Adapta ya USB-CAN inayofanya kazi kwa programu ya candleLight. CAN ni njia ya waya mbili ambayo moduli za gari huongelea. Ukiichomeka, Linux huiona yenyewe kama can0.
- Waya wa soketi ya OBD, ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kusoma makosa: pini 6 ni CAN-H, pini 14 ni CAN-L, pini 5 ni nega ya mawimbi. Pini 16 ina volti 12 za betri muda wote; usiiguse na usiiunganishe kwenye adapta.
- Mita ya fundi umeme, ya kupima volti na omu.
- Chaja ya betri, hasa Juni na Julai. Asubuhi ya Mafinga, Njombe au Uyole betri iliyochoka hushuka haraka swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa.
- Daftari. Namba moja ikinakiliwa vibaya, kazi yote ni bure.

Wengi huuliza kama kile kidude cha bluetooth cha ELM327 kinatosha. Kwa injini, ndiyo. Kwa kamera na rada, jibu la moduli huja vipande vipande na adapta inapaswa kujibu "endelea" katikati. Nakala nyingi za bei nafuu hushindwa hapo. Utapoteza siku nzima ukidhani kamera imekufa.

Pakua programu ukiwa nyumbani penye mtandao mzuri, usisubiri mpaka uwe gereji bando likiwa limekata:

sudo apt install can-utils xxd

Hatua

1. Egesha pa tambarare, vuta breki ya mkono. Kazi hii haifanywi gari likitembea, hata kwa mwendo wa mguu. Hatua ya 8 inaiweka moduli kwenye hali ya uchunguzi, na moduli ikiwa hapo haina wajibu wa kukuhudumia kama kawaida.

2. Pima betri swichi ikiwa imezimwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.2 ni nusu. Weka chaja kwanza. Moduli yenye njaa hujibu nusu nusu, au haijibu, na utaandika "haipo" wakati ipo.

3. Toa nega ya betri, subiri dakika chache, pima omu kati ya pini 6 na 14. Unatafuta takriban 60. Gari lenyewe lina vizuizi viwili vya omu 120, kila kimoja mwisho wa njia. Ukipata 120, kimoja hakipo au waya umekatika. Tafuta sababu kabla ya kuendelea. Ukichomeka adapta na omu zikashuka hadi karibu 40, adapta ina kizuizi chake ndani: toa jampa yake. Rudisha betri.

4. Chomeka adapta, washa swichi hadi ON bila kuwasha injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.

5. Sikiliza kwanza, usiongee:

sudo modprobe can-isotp
sudo ip link set can0 up type can bitrate 500000 listen-only on
candump can0

Magari mengi yatamwaga mistari kama mvua ya Tukuyu. Hiyo ni dalili kwamba kasi ya 500000 ni sahihi na waya hazijapishana. Magari mapya yenye mlinzi wa mawasiliano kati ya soketi na moduli yanaweza kukaa kimya hapa, na ukimya huo peke yake si kosa. Usiruke hatua hii: adapta inayoongea kwa kasi isiyo sahihi huvuruga njia nzima, na dashibodi itawaka taa za ABS na usukani mpaka ujute.

6. Sasa fungua njia ya kuongea:

sudo ip link set can0 down
sudo ip link set can0 up type can bitrate 500000 listen-only off
ip -details link show can0

Ukiona ERROR-ACTIVE, tulia. Jina linatisha, lakini ndiyo hali ya uzima. ERROR-PASSIVE na BUS-OFF ndizo za kuogopa.

7. Anza na injini, kwa kuwa ndiyo rahisi. Dirisha la kwanza la terminal linasikiliza na halifungwi:

isotprecv -s 7E0 -d 7E8 -p 00 -l can0

Dirisha la pili linauliza:

echo "09 04" | isotpsend -s 7E0 -d 7E8 -p 00 can0

Jibu zuri huanza na 49 04. Baada ya hapo kuna baiti (jozi moja ya tarakimu, kama 49) ya idadi, kisha namba zenyewe, baiti 16 kwa kila moja. Ukiuliza 09 02, yaani namba ya gari, na usipate kitu, usishtuke. Gari la soko la Japani hutambulika kwa namba ya chesisi ya mtindo wa ZSU60 na tarakimu zinazofuata, si herufi 17 kama la Marekani.

8. Endelea na moduli nyingine, ukibadilisha anwani kwenye madirisha yote mawili:

- ABS na breki: uliza 7B0, jibu 7B8
- Usukani wa umeme: uliza 7A1, jibu 7A9
- DSU (moduli ya kumsaidia dereva), kwenye baadhi ya magari ya aina P: uliza 791, jibu 799
- Rada ya mbele: uliza 750, jibu 758, anwani ndogo 0F
- Kamera ya mbele: uliza 750, jibu 758, anwani ndogo 6D

Kamera na rada zinatumia mlango mmoja, kwa hiyo ni lazima utaje anwani ndogo kwa -x. Dirisha la kusikiliza:

isotprecv -s 750 -d 758 -x 6D -p 00 -l can0

Dirisha la kuuliza, maswali manne kwa mpigo:

for q in "3E 00" "10 01" "10 03" "22 F1 81"; do echo $q | isotpsend -s 750 -d 758 -x 6D -p 00 can0; sleep 0.3; done

Utaona 7E 00, kisha mstari unaoanza na 50 01, kisha 50 03, na mwisho mstari mrefu unaoanza na 62 F1 81. Huo ndio ulioufuata. Ukiandika maswali moja moja kwa mkono, usichelewe: bila ujumbe wowote kwa sekunde 5 hivi moduli hurudi hali yake ya kawaida, na swali la mwisho hukataliwa.

Kwa ABS na usukani jaribu mfululizo huo huo bila -x. Wakikataa, tuma 3E peke yake halafu 1A 88 01. Jibu litaanza na 5A 88 01. Hiyo ni lugha ya zamani ambayo moduli nyingi za Toyota bado zinaielewa.

9. Rudia kila moduli mara mbili, kwa kuzima na kuwasha swichi katikati. Majibu mawili yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, rudi hatua ya 2.

10. Geuza jibu liwe maandishi. Ondoa 62 F1 81 mwanzoni, halafu:

echo "38 36 34 36 46" | xxd -r -p

Hapo utapata 8646F, mwanzo wa namba ya kamera. Mwanzo wa namba hukuambia umeongea na nani: 8646F ni kamera, 8821F rada, 8965B usukani, F1526 ABS, 8815 DSU, na 8966 ni injini.

Andika kila kitu, hata usichokielewa

Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Mbele ya namba mara nyingi kuna 01 au 02, na nyuma yake 00 kadhaa. Mtu huziona takataka, anaandika 8646F na tarakimu zinazofuata, basi. Programu hulinganisha baiti kwa baiti. 02 maana yake ndani mna namba mbili zilizofuatana, na kwa kamera ya pili huanza na 8646G. Ukiitupa, umeandika kamera nyingine isiyokuwepo duniani. Hifadhi mstari mzima wa heksa (zile jozi kama 62 F1 81) kwenye faili, na maandishi yaliyogeuzwa uyaweke pembeni kwa ajili ya macho yako tu.

Subaru ndiyo huwatesa zaidi, maana majibu yake si maandishi. Uliza 22 F1 82, kamera kwenye 787 (jibu 78F), usukani 746 (jibu 74E), ABS 7B0 (jibu 7B8). Utapata baiti chache ambazo xxd itazigeuza kuwa alama za ajabu. Usizigeuze. Ziandike zilivyo.

Tukirudi kwenye Toyota, tarakimu mbili zinazofuata baada ya zile tano za mwanzo husaidia kujua kipuri kilitoka kwenye gari gani: 42 ni RAV4, 47 Prius, 33 Camry, 48 ni familia ya Harrier na Lexus RX. Kamera ya 42 ndani ya Harrier ni swali la kumrudishia fundi. Huku kwetu hilo si la kushangaza. Malori ya barabara ya TANZAM hurusha kokoto, kioo kinapasuka, kioo cha mtumba kinakuja na kamera yake, na hakuna anayeuliza. Ila usihukumu rada kwa kipimo hicho. Rada ya 47 iliwekwa kiwandani kwenye magari mengine pia, Corolla na RAV4 zikiwemo.

Kumbuka pia kwamba namba sahihi haimaanishi kamera inatazama mbele sawasawa. Baada ya kubadili kioo kamera inahitaji kupangwa upya, na kazi hiyo haionekani kwenye 22 F1 81.

Maneno ya kutotuma kamwe

Mwongozo huu unasoma tu. Ukinakili amri kutoka pengine, angalia baiti ya kwanza. 2E huandika. 31 huendesha kazi ndani ya moduli. 34 na 36 hupakia programu mpya. 11 huizima na kuiwasha. 14 hufuta kumbukumbu za makosa, pamoja na zile ambazo fundi wako angezihitaji. 27 hugonga mlango wenye kufuli, na ukikosea mara kadhaa moduli hukufungia. Na 10 02 huiingiza moduli kwenye hali ya kuandikwa upya. Betri ikishuka ukiwa hapo, unaweza kubaki na gari lisilo na usukani wa umeme, na kutoka Makambako hadi kwa mwenye mashine ya kulirudisha ni safari ndefu kwenye breakdown.

Kulinganisha

Fungua faili la fingerprints.py la kampuni ya gari lako kwenye mradi wa opendbc, ambao ndio hubeba orodha ya openpilot. Kila gari limeorodheshwa na moduli zake: jina, anwani, anwani ndogo, kisha matoleo yanayojulikana. Tafuta namba yako ya kamera kwanza, halafu usukani, ABS, rada, na injini mwisho. Zote zikipatikana chini ya gari moja, una bahati. Zikipatikana zote isipokuwa moja, yawezekana ni toleo ambalo hakuna aliyeliwasilisha bado, na namba uliyoiandika vizuri inaweza kuongezwa. Zikitawanyika kwenye magari matatu, gari lako limeunganishwa na vipuri vya kila mahali. Lishughulikie gari kabla ya programu. Zisipokuwepo kabisa, usibandike namba zako chini ya gari linalofanana kwa sura. Programu itatuma nguvu ya usukani iliyopimwa kwa gari lingine, na Kitonga si mahali pa kugundua hilo.

Kuna kundi jingine la kuangalia: Toyota mpya kama Sienna na RAV4 Prime za kuanzia 2021 hutia muhuri wa siri kwenye ujumbe wa ndani, mfumo unaoitwa SecOC. Namba zinasomeka vizuri kabisa, lakini kusomeka huko hakufungui mlango.

Ikigoma

*Kimya kabisa kwa moduli zote.* Swichi iko ACC badala ya ON, au pini 6 na 14 zimepishana. Angalia hali ya can0. Ikiwa ERROR-PASSIVE, hakuna anayekusikia upande wa pili.

*Injini inajibu, kamera na rada kimya.* Umesahau -x upande mmoja. Iwekwe kwenye kusikiliza na kuuliza pia. Ikiwa ipo pote, jaribu 0F na 6D kila moja peke yake, na kagua fyuzi. Kwenye aina C, ukimya wa rada ni sahihi kwa sababu rada haipo.

*Hakuna anayejibu ingawa candump inamwaga mistari.* Umeacha -p 00. Moduli nyingi hupuuza ujumbe usiojaa baiti 8.

*Jibu linakatika mwanzoni.* Fungua dirisha la tatu uandike candump can0,758:7FF. Ukiona mstari mmoja wenye 10 baada ya 6D, kisha hakuna kingine, isotprecv haifanyi kazi au ina anwani tofauti. Moduli inasubiri uiambie iendelee.

*7F 22 31.* Moduli ipo na inakusikia, ila haina namba hiyo. Jaribu 22 F1 88, au 1A 88 01.

*7F 22 11.* Haiijui lugha hiyo kabisa. Nenda moja kwa moja kwenye 1A 88 01.

*7F 22 7F.* Hukuifikisha hali ya 10 03, au umechelewa. Tumia ule mstari wa maswali manne.

*7F 22 78.* Si kukataa. Inasema subiri, jibu linakuja.

*7F 22 22.* Mazingira hayaruhusu. Mara nyingi injini inaunguruma au betri iko chini. Zima injini, washa swichi tu.

*Taa za ABS na usukani zimewaka baada ya kazi.* Chomoa adapta, zima swichi, funga milango, subiri dakika tano, washa tena. Zikizimika, ulivuruga mawasiliano kwa muda tu. Kagua kasi na jampa ya kizuizi kabla ya kurudia. Zisipozimika, soma makosa na mashine ya kawaida ya gereji na uyaandike kabla mtu hajayafuta.